Jasi, udongo mwekundu, dhahabu: shajara ya ubao mmoja

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimenunua ubao wa msonobari, sentimita 40 kwa 30, unene wa sentimita 4. Mradi wote ni huo ubao. Hadi ifike Ijumaa Kuu nataka niwe nimeuchonga, nimeupaka jasi, nimeutia dhahabu, nimeifunika dhahabu kwa rangi, kisha nimeikwaruza rangi ili dhahabu ichungulie tena. Kazi hiyo hapa Uhispania inaitwa estofado, na mafundi wa mji huu wa Valladolid waliifanya miaka mia nne iliyopita kwenye sanamu za makanisa. Neno lenyewe limeshanitia aibu. Estofado pia ni mchuzi wa nyama uliopikwa polepole, na nilipowaambia wenzangu kiwandani kwamba Jumanne jioni najifunza estofado, mmoja akaniuliza ni ya ng'ombe au ya kondoo.

Mimi ni seremala, mtu wa Mombasa, mwana wa fundi wa milango. Huku riziki yangu ni makabati ya jikoni, mbao za kiwanda zinazokuja na rangi yake tayari. Mwaka unaweza kupita patasi sijaishika. Majira ya baridi yaliyopita nilikimbia mvua nikaingia Makumbusho ya Taifa ya Sanamu, yaliyomo ndani ya Colegio de San Gregorio, jengo la mwisho wa karne ya 15 ambalo uso wake wa mawe umechongwa mkomamanga unaoota kutoka kwenye chemchemi. Mvua ilikatika, mimi nikabaki ndani mpaka wakafunga.

Na jirani kabisa na hapo pana jumba alikozaliwa Felipe wa Pili, mwaka 1527. Sisi wa Mombasa mfalme huyu tunamjua bila kumjua. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, taji la Ureno likiwa kichwani mwake pamoja na la Uhispania. Utoto wangu wote nimecheza mpira kando ya kuta zile, kumbe aliyeamuru zijengwe alibatizwa katika kanisa ninalolipita nikienda kununua mkate.

Sheria niliyojiwekea ni hii: kila hatua ya ubao wangu, niende nikatazame kazi ya kale iliyopita hatua hiyohiyo. Mwalimu wangu ni mama wa miaka sabini na ushei, maisha yake yote alitia dhahabu fremu na madhabahu. Namwita maestra, naye ananiita hijo, mwanangu.

Kaka yangu nilipompigia simu hakunizungusha. "Sasa wewe, Mwislamu mzima, na masanamu ya kanisani?"

"Sijaenda kusali, kaka. Naenda kutazama mkono wa fundi."

"Haya. Mtu usichonge."

Mtu sichongi. Nitachonga ua ndani ya duara, lenye petali sita, aina ileile iliyo kwenye milango ya kwetu na kwenye mawe ya hapa ya zamani sana.

Jumapili, 26 Oktoba: mti

Siku nzima makumbusho. Nilianza na vipande vya ile kazi kubwa ya Alonso Berruguete kwa ajili ya monasteri ya San Benito, ya kati ya 1526 na 1532. Ni retablo, yaani ukuta mzima wa mbao nyuma ya madhabahu, umegawanywa vyumba vyumba kama kabati refu, kila chumba na sanamu yake au mchoro wake. Hii ilibomolewa karne ya 19 watawa walipoondolewa, na leo vipande vyake umesimama navyo uso kwa uso ilhali vilichongwa vitazamwe kutoka chini, mita kadhaa. Faida yake ni kwamba haraka ya fundi unaiona wazi. Berruguete hakuwa mtu wa msasa. Shingo amezivuta, miguu ameikunja isivyokunjika, goti moja limeachwa na mikato ya patasi juu yake. Wako wanaomlaumu kwa hilo. Mimi nililiangalia goti lile nikafurahi, maana seremala anayejua kazi yake itakaa wapi hapotezi jioni kulainisha mahali jicho halifiki.

Sanamu nyingi nyuma zimechimbwa, ziko wazi kama mtumbwi. Gogo likikauka, nje hutangulia na ndani hufuata, na likiwa nene hupasuka. Kwa hiyo walitoa moyo wa mti, wakaacha ganda. Baba alikuwa akisema mti hufa mara mbili, siku unapokatwa na siku unapokauka. Hawa walilijua.

Halafu ile sanamu ya Maria Magdalena ya Pedro de Mena, ya 1664. Mwanamke amesimama, msalaba mkono mmoja, mkono mwingine kifuani. Watu husimama mbele yake kwa ajili ya uso. Mimi nilinaswa na nguo. Amevaa mkeka. Si mfano wa mkeka, ni mkeka: ukili wa miyaa umepandana juu chini, juu chini, umemfunika kutoka kifuani hadi miguuni, na kiunoni amejifunga kamba. Kumbe ni mbao. Nilihesabu miale ya ukili mmoja na nikaona fundi hakudanganya hata mahali pamoja. Kila mwale unaopita juu umeinuliwa, unaopita chini umezama, na pale nguo inapokunjwa kiunoni mkeka umekataa kukunjika vizuri, umevunjika kama mkeka mkavu unavyovunjika. Bibi yangu alisuka mikeka. Ningeweza kumletea huyu De Mena kiti akae barazani petu wazungumze kazi.

Mlinzi alinisogelea mara mbili, maana nilikuwa nimeinama mno.

Karibu naye yupo Masihi amelala, wa Gregorio Fernández, wa miaka ya 1625 hadi 1630 hivi. Macho ni kioo, kucha ni pembe ya mnyama, na damu iliyoganda kwenye vidonda imejengwa kwa gome la koki chini ya rangi. Imani yangu juu ya Nabii Isa ni nyingine, na mbele ya sanamu ile nilikaa kimya kama mtu aliyeingia msiba wa jirani.

Ubao: nimechora duara, nimechonga petali nne kati ya sita. Kuna vifundo viwili. Maestra amenipa punje ya thomu nivisugue nayo, kisha gundi na kipande cha kitani juu. Kifundo kina utomvu, utomvu hufukuza jasi, na thomu huila. Mafundi wa karne ya 16 walifanya hivyohivyo. Chumba changu kinanuka pilau.

Jumapili, 9 Novemba: nilikuwa nimekosea tao

Safari fupi ya treni hadi Venta de Baños, kisha kwa miguu hadi kanisa la San Juan de Baños. Nilikuwa nimewaambia watu kwa uhakika kabisa kwamba tao la umbo la kiatu cha farasi, lile linalojikunja ndani huku chini, lililetwa Uhispania na Waislamu. Nimeingia pale nimelikuta. Na juu ya tao la kuingilia madhabahuni kuna bamba la jiwe lenye maandishi ya Mfalme Recceswinth, wa Wavisigothi waliotawala huku kabla ya Waislamu, kumtolea kanisa Yohana Mbatizaji. Mwaka ulioandikwa ni 699, kwa hesabu yao ya kale iliyotangulia hii yetu kwa miaka 38. Toa 38, unapata 661. Jeshi la Kiislamu la Tariq lilivuka mlango wa bahari mwaka 711. Tao lilikuwa limeshasimama miaka hamsini.

Waislamu walilikuta, wakalipenda, wakalikunja zaidi, wakalifikisha pale lilipofika Córdoba. Hiyo si aibu kwa mtu yeyote. Lakini nimerudi kwenye treni nikiwa mpole.

Kanisa ni dogo, mawe makubwa bila mbwembwe, nguzo za marumaru zilizochukuliwa kwenye majengo ya Kirumi, hazilingani rangi wala vichwa. Nimenakili ua moja kutoka kwenye nakshi ya ukutani na usiku nimezichonga petali mbili zilizobaki. Sasa zina ncha butu kidogo. Zamani zangu zilikuwa kali kama za kiwandani.

Jumanne, 25 Novemba: jasi

Leo nimeharibu.

Jasi hupakwa imechanganywa na gundi ya ngozi. Unailoweka gundi usiku kucha, asubuhi imevimba kama ubani uliolowa, unaiyeyusha kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji. Haichemshwi. Maestra alisema haichemshwi, nikasema ndiyo, nikajibu ujumbe wa simu, ikachemka. Gundi iliyochemka hupoteza nguvu, na jasi ya moto hufanya povu. Nilipaka tabaka tatu kabla sijaona. Zilipokauka ubao ulikuwa na vitundu kama mkate wa mofa, na ukucha ulipopita, jasi ikatoka unga.

Hakunigombeza. Aliniletea kitambaa chenye maji ya moto akasema, "Ifute yote, hijo." Nimefuta saa mbili. Petali zote zimelowa na mti umeinuka nyuzi, kwa hiyo msasa upya.

Jumamosi, 29 Novemba

Tabaka nne za jasi nene. Hazina povu. Jumatatu naanza jasi laini, tabaka nyingine nne, kila moja ipakwe kinyume cha iliyotangulia.

Jumapili, 7 Desemba: Madrid

Hii ndiyo safari niliyoisubiri. Jumapili asubuhi Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia hayatozi kiingilio, na mimi nilikuwa mlangoni kabla haujafunguliwa.

Kwanza nilipita kwa Recceswinth wangu. Taji lake la dhahabu limo humo, la hazina ya Guarrazar iliyofukuliwa 1858 karibu na Toledo. Halikuvaliwa. Lilitundikwa kanisani kwa minyororo kama sadaka, na chini yake zinaning'inia herufi za dhahabu, moja moja, zikisema kwamba Mfalme Recceswinth ametoa. Mtu yule alipenda kuandika jina lake.

Lakini nilikuja kwa ajili ya mabibi wa Waiberia. Hawa ni watu wa pwani ya mashariki na kusini ya Uhispania kabla ya Warumi. Walifanya biashara na Wafoinike na Wagiriki, walikuwa na maandishi yao, na maandishi hayo yanasomeka sauti ila maana bado imefungwa.

Bibi wa Elche ndiye maarufu. Kichwa na mabega tu, jiwe la chokaa, sentimita 56, wa karne ya 5 au ya 4 K.K. Kijana wa shamba ndiye aliyempata L'Alcúdia, karibu na mji wa Elche, tarehe 4 Agosti 1897, sururu ikigonga jiwe. Watu wa Elche wakamwita Malkia wa Wamoro, yaani wa Waislamu wa kale wa huku. Nimecheka peke yangu, maana wao walikosea kama mimi na tao langu: kitu chochote kizuri kisichojulikana chanzo chake huku, husukumiwa Wamoro. Baada ya siku chache Mfaransa Pierre Paris aliinunulia makumbusho ya Louvre, Paris, sanamu hiyo kwa faranga 4,000, na hakurudi hadi 1941. Pande mbili za uso wake kuna magurudumu makubwa ya kufunikia nywele, mfano wa vile vipuli vya Kilamu lakini vya ukubwa wa sahani. Nyuma amechimbwa shimo. Midomo ina alama ya wekundu.

Alama tu. Ndiyo maana mimi moyo wangu umebaki kwa Bibi wa Baza.

Yeye yupo mzima, amekaa kwenye kiti chenye mabawa, urefu wa mita 1.30, uzito kama kilo 800. Alifukuliwa na Francisco Presedo Julai 1971 huko Baza, mkoa wa Granada, ndani ya kaburi, na kwa kuwa kaburi halikuguswa kwa miaka 2,400 rangi yake imebaki. Uso una wekundu wa mtu aliye hai. Joho lake ni la buluu, ile buluu ya Kimisri inayopikwa kwa mchanga na shaba, na pindo lina miraba ya rangi kama pindo la kanga. Vidole vimejaa pete. Mkono wa kushoto ameshika kinda la ndege, amelishika vile mtoto anavyolishika, si kwa kubana. Ubavuni mwa kiti kuna tundu, na ndani ya tundu palikuwa na mifupa iliyochomwa. Wataalamu walioipima wakaona ni ya mwanamke. Kaburini mlikuwa na silaha pia, seti zaidi ya moja, na jambo hilo limewasumbua waliodhani silaha lazima zifuatane na mwanamume.

Nilizunguka upande wa kivuli, nikaona kitu nilichokijia bila kukijua. Pale rangi ilipobanduka, chini yake haikuwa jiwe. Palikuwa na weupe mwingine, mwororo, kisha ndipo jiwe. Maelezo ya ukutani yanasema: tabaka la jasi.

Mpaka hapo nilikuwa nikidhani estofado ni siri ya watu wa makanisa. Kumbe karne ya 4 K.K. fundi wa Baza, ambaye hakusikia habari za Masihi wala za Mtume, alisimama mbele ya jiwe lake na bakuli la jasi mkononi, akangoja ikauke, ndipo akachukua buluu. Nadhani na yeye aliwahi kuichemsha siku moja.

Wanafunzi waliokuwa wakipita walipiga picha ya Elche wakaondoka. Huyu mweupe ndiye aliyezoeleka, sanamu ya kale ikiwa tupu na safi tunaiona ya heshima zaidi. Mimi sikubali. Jiwe tupu ni kazi iliyoliwa nusu.

Jambo jingine la humo, kwa wapenda mizengwe: sanamu nyingi za kutoa sadaka zilitoka Cerro de los Santos, mkoa wa Albacete, na karne ya 19 fundi saa mmoja wa Yecla alichonga za kwake akazichanganya na za kweli. Makumbusho yakanunua. Ilipogundulika, wataalamu wa nje wakazishuku zote, na zile halali zikabeba dhambi za bandia kwa miaka. Bibi mkubwa wa mahali hapo, amesimama na kikombe mikononi, ni halali. Vitambaa vyake vimepandana kama mabuibui matatu.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimerudi kwa treni ya polepole nikashuka Ávila kuwatazama wale wanyama wa mawe wa Wavettones, watu wa huku kabla ya Warumi, nguruwe au fahali, hata wenyeji hawakubaliani. Granite, bila sura. Baridi imenishinda. Nimekunywa supu nikapanda treni iliyofuata.

Jumamosi, 17 Januari: Teruel

Mwenzangu wa kiwandani alikuwa na harusi upande huo, nikapata lifti. Kanisa kuu la Teruel lina paa la mbao la karne ya 13, urefu wa mita 32, limechorwa rangi sehemu zote. Kwa muda mrefu halikuonekana, maana karne ya 18 walijenga chini yake dari ya kisasa ya wakati huo, na dari hiyo ndiyo iliyolikinga. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofika Teruel paa lilipigwa, likakarabatiwa baadaye.

Hii ni kazi ya Mudéjar, yaani sanaa ya Waislamu waliobaki chini ya wafalme Wakristo, na ya waliojifunza kwao. Lugha ya mtaani huku imejaa mabaki yao. Zafarani wanaita azafrán, zeituni aceituna, sukari azúcar. Meya wa mji ni alcalde, na alcalde ni kadhi, neno lilelile, limebadilisha joho tu.

Wanakupandisha kwenye ujia wa juu, ukawa umekaribia mbao. Nilitarajia dari ya mapambo iliyotundikwa. Si hivyo. Hilo ndilo paa lenyewe: mapau mawili mawili yanaegemeana, yamefungwa na boriti ya kulala huko juu, na chini mihimili inazishika kuta zisisukumwe nje. Ukitoa urembo, nyumba inaanguka, kwa sababu urembo umepakwa kwenye mifupa. Nimesimama na shingo nyuma mpaka ikauma. Kuna nyota za Kiislamu, kuna watakatifu, wafalme, majini wenye mikia, na kuna sisi: maseremala wakiwa kazini, na wachoraji na brashi zao. Mmoja anapasua mti. Amevaa kanzu fupi ya kazi. Fundi wa Teruel alipanda kiunzi akajichora pale ambapo padri wa chini asingemwona vizuri.

Jumanne, 3 Februari: udongo mwekundu

Jasi imemalizika tangu Krismasi. Nimeipitisha msasa hadi ikawa kama yai. Leo udongo: mwekundu, laini kupita unga wa sembe, umechanganywa na gundi hafifu. Tabaka tano. Dhahabu ni nyembamba mno kuweza kuficha kilicho chini yake, kwa hiyo wekundu huo ndio unaoipa joto. Palipo na udongo wa manjano, dhahabu hupoa.

Maestra alinieleza kwamba zamani mchongaji na mchoraji walikuwa vyama viwili, na kuingiliana ilikuwa kesi. Seville, Martínez Montañés alichonga sanamu akachukua na kandarasi ya kuzipaka rangi, na Francisco Pacheco, mchoraji, mkwe wa mchoraji mwenzake Velázquez, akaandika waraka wa hasira dhidi yake mwaka 1622. Nilimwambia kwetu pia fundi wa mlango hapigi njumu za mwenzake bila kuulizwa. Akasema, "Basi mngeelewana." Kisha akajirekebisha: "Mngegombana vizuri."

(Pacheco ni baba mkwe wa Velázquez, nimeandika kinyume hapo juu. Naacha kosa, shajara ni shajara.)

Jumanne, 24 Februari: dhahabu

Ramadhani, siku za mwanzo. Nimefuturu karakanani kwa tende na chai. Maestra alizima feni na redio, akafunga dirisha, akaniambia nisiseme.

Kijitabu kina karatasi 25 za dhahabu, sentimita 8 kwa 8. Unene ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Haishikwi kwa kidole, ingeyeyukia kidoleni. Unaiangusha juu ya takia dogo la ngozi, unaikata kwa kisu kisicho kikali, unapitisha brashi pana ya manyoya shavuni mwako ipate mafuta kidogo, unainyanyua, na ukiwa umeshalowesha udongo kwa maji unaisogeza. Sentimita moja kabla ya kugusa, inaruka yenyewe. Maji yanaivuta. Mara ya kwanza nilishtuka nikapumua, na jani zima likapanda hewani, likakunjamana, likanitua kwenye mkono wa fulana. Maestra alicheka mpaka akakaa.

Nilitumia majani 21 kwa kazi ya majani 19.

Baada ya saa tatu udongo ukiwa umekauka nusu, unasugua kwa jiwe la akiki lililochongwa kama jino. Zamani lilikuwa jino kweli, la mbwa. Unasikiliza: jiwe likinong'ona, wakati bado, dhahabu itachubuka. Likilia kama kidole kwenye sahani safi, endelea. Ilivyolia, ile manjano iliyofifia ikageuka kioo, na ndani yake nikaona taa ya dari na kofia yangu.

Kwenye kona ya chini kulia, mahali pa ukubwa wa punje ya mchele, nilisugua mapema. Wekundu umetokeza. Maestra aliitazama akasema nisiiguse.

Jumanne, 17 Machi: rangi juu, kisha kukwaruza

Kiini cha yai, maji, na unga wa buluu. Nimeifunika dhahabu yote ya nje ya ua. Moyo uliuma. Majani mengi yamezikwa chini ya buluu, na ubao ukaonekana kama ubao wowote wa duka la rangi.

Ilipokauka nikachukua kijiti cha mti mgumu, ncha yake butu, nikaanza kukwaruza mistari, myembamba, sambamba. Buluu inatoka kwa urahisi, kama ukoko wa wali uliolowekwa. Kila mstari ni dhahabu. Ukikwaruza mistari karibu karibu, kitambaa kinang'aa. Ukiiachanisha, kinatulia. Pembezoni nimefanya miraba, pindo la yule bibi wa Baza. Sijamwambia mtu kwamba ni lake.

Mkono ulinichoka saa ya tatu, na mistari ya mwisho inaelea kidogo kushoto.

Ijumaa, 3 Aprili

Ijumaa Kuu. Jioni mji wote uko barabarani. Sanamu za Valladolid hazikai makumbusho mwaka mzima. Kadhaa huazimwa na vyama vya waumini, zikatoka kwa maandamano usiku, ngoma ikipigwa polepole. Nilisimama pembeni na mwenzangu wa kiwandani na mkewe.

Ndani ya makumbusho taa imetulia na dhahabu imetulia nayo. Hapa jukwaa la sanamu lilikuwa linayumba, mishumaa inayumba, na joho la sanamu moja, la kijani, lilikuwa likizima na kuwaka, kuzima na kuwaka, kadiri mistari ilivyokamata mwanga na kuuachia. Mbao ilikuwa inapumua. Mama mmoja mbele yangu alifanya ishara ya msalaba. Mimi nilitazama mikono yangu.

Nilipofika nyumbani nilimpigia kaka kwa video, nikauegemeza ubao ukutani.

"Umeweka dhahabu halafu ukaifunika rangi?"

"Ndiyo."

"Ukaikwaruza tena?"

"Ndiyo, kaka."

"Si ungepaka rangi, ukaacha nafasi za dhahabu?"

Nilizima taa, nikawasha mshumaa, nikaupitisha mbele ya ubao kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu. Simu ilikuwa kimya. Nikaurudisha kushoto.

"Hiyo nyekundu pale kwenye kona ni nini?"

"Nilisugua mapema."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza hicho kijitabu cha karatasi ishirini na tano ni pesa ngapi.